Neno Lisilokuwemo Kitabuni

Jumatatu, 1 Juni. Asubuhi mawingu mazito na manyunyu, hakuna upepo.

Leo nimenyang'anywa kiti.

Nataka kuandika kwa utaratibu ili baadaye nisijidanganye. Chumba chetu cha mchezo wa maneno, ule wa kuchota kete za herufi mfukoni na kuzipanga ubaoni, kiko jengo la tatu, juu ya maktaba. Tuko wasichana tisa, lakini kiti ni kimoja: cha kwenda Bangkok mwezi wa tisa kuiwakilisha shule, na mwezi wa kumi kwenda Khon Kaen ambako chuo kikuu huchagua wachezaji wake. Anayechaguliwa huingia chuoni bila kuulizwa alama za hesabu. Mimi niko kidato cha sita, alama zangu za hesabu ni za kutia aibu, na kiti hiki nimekikalia miaka miwili. Mlango mwingine sina.

Mwalimu Orathai alitupanga mstari akaanza kututikisa. Anataja herufi, unampa neno la Kiingereza linalopatikana ndani ya herufi hizo, kisha anakukazia macho na kusema, "Halimo." Yaani halimo katika kitabu cha maneno yanayokubaliwa mchezoni. Mara chache ni kweli. Mara nyingi limo, anakupima tu. Hakuna kati yetu anayejua maana ya maneno haya. Tunayajua kwa sura, kama mtu anavyojua nyuso za abiria wa kila siku. Kwa hiyo huna pa kushika isipokuwa kumbukumbu yako. Ukisitasita, unakwenda kusimama uani mpaka kengele ilie, kuwe mvua au jua.

Alinipa A, E, I, L, N, O, T. Nikasema TOENAIL.

"Halimo."

Neno hilo nalijua tangu kidato cha tatu. Lakini alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Labda nimechanganya, mwalimu."

"Labda," akasema. "Wenzako wa Bangkok watafurahi sana kukutana na Labda." Akamgeukia msichana wa kidato cha tatu wanayemwita Mot, sisimizi, kwa udogo wake. "Wewe. Herufi hizo hizo."

"TOENAIL. Na ELATION."

"Hayamo."

"Yamo, mwalimu."

"Mimi mwalimu wako nakwambia hayamo."

"Yamo yote mawili, mwalimu. Samahani."

Mwalimu akacheka, jambo ambalo sijaliona miaka miwili. "Kaa pale," akamwambia, akionyesha kiti changu.

Nilisimama uani dakika arobaini.

Kwetu aliyeondolewa kitini ndiye anayemwandikia kadi aliyekikalia. Desturi hiyo niliikuta. Kitabu cha maneno ni kimoja, kinafungiwa kabatini, na ufunguo mwalimu anauvaa shingoni; hufunguliwa kwa muda wa saa moja tu kila jioni ili mwandishi anakili. Mbele ya kadi unaandika herufi kwa mpangilio wa alfabeti, nyuma unaandika maneno yake, mchezaji ayakariri. Kadi zilizopo zinakaribia elfu tatu.

"Mwandiko wako mzuri," mwalimu aliniambia akinikabidhi sanduku. "Kinachokuangusha ni kichwa."

Nimelala saa nne kasorobo.

Jumanne, 2 Juni. Mvua tangu alfajiri.

Nimeandika kadi thelathini. Nimelala saa nne.

Alhamisi, 11 Juni. Jua kidogo, kisha mawingu.

Siku ya kuwasujudia walimu. Tulibeba trei za maua na majani, tukapiga magoti kwa safu. Zamani mchezaji wa kitini ndiye aliyekuwa akimpelekea Mwalimu Orathai trei ya chumba chetu. Leo amepeleka Mot. Trei niliipanga mimi, kwa sababu vidole vyake havijui kusuka majani ya mgomba. Mwalimu akasema, "Trei nzuri, Mot." Mot akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Nimelala saa nne na robo.

Jumapili, 14 Juni. Mvua kubwa, mto umefika kwenye ukingo.

Daraja la miti la kwenda kijijini kwao Mot limechukuliwa na maji. Mwalimu alikuja mwenyewe kuzungumza na mama, akasema nyumba yetu ndiyo iliyo karibu na shule, na kwamba itakuwa vizuri mwandishi na mchezaji wakae pamoja. Mama anashona sare za wanafunzi. Hakatai kitu walimu wanachomwomba, maana nusu ya sare za shule zinapita kwenye cherehani yake.

Mot aliletwa na bibi yake kwa mtumbwi, na kikapu cha wali wa kunata na kuku hai aliyefungwa miguu.

"Mtoto huyu hali sana," bibi alisema. "Na hasemi sana. Mama yake yuko Taiwan kwenye kiwanda, anapiga simu mara moja kwa mwezi kwenye simu ya hekalu. Mwalimu ameniahidi akishinda Bangkok shule itamlipia mpaka kidato cha sita. Asiposhinda, shangazi yake aliyeko Mahachai amemtafutia nafasi kiwandani ya kumenya kamba wa baharini."

"Atashinda," mama alisema. "Tazama paji lake la uso."

Paji lake la uso ni kama la mtu yeyote.

Tumetandika mikeka miwili chumbani mwangu. Aliniuliza, "Dada Phikun, upande upi unapenda wewe? Mimi popote." Nikamwambia upande wa ukuta unaovuja ni wake. Akasema asante.

Nimelala saa tano kasoro dakika kumi.

Jumatatu, 22 Juni. Manyunyu.

Anasema maneno usingizini, kwa mpangilio wa kadi, bila kukosea. Nimelala saa tano na nusu.

Ijumaa, 26 Juni. Mvua.

Mama amempunguzia Mot sketi yangu ya zamani. Hakuniuliza. Nimelala saa tano.

Alhamisi, 2 Julai. Asubuhi ukungu, mchana mvua ya mawe.

Mwalimu amemtikisa Mot kwa muda wa kipindi kizima. Alimwambia neno baada ya neno halimo, akamtoa uani mvua ya mawe ikinyesha, akasimama dirishani na mwavuli wake akimuuliza kutoka juu, "Bado limo?"

"Limo, mwalimu."

"Ukisema halimo utapanda juu ukaushwe nywele."

"Limo, mwalimu."

Wenzangu walikuwa wanachekea viganjani. Rung, ambaye hajawahi hata kukikaribia kiti, alininong'oneza, "Dada, wewe ungeshapanda juu zamani, tena ungeomba na chai." Nilicheka pamoja nao. Mot aliporudi alikuwa na alama nyekundu ya jiwe la barafu juu ya jicho, na mwalimu akamfuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Akasema, "Mnaona? Huyu hata dunia nzima ikimwambia halimo, hatatikisika."

Nilikuwa na kadi mbele yangu, herufi A, E, L, N, O, T. Nyuma yake kitabu kinasema maneno mawili: ETALON na TOLANE. Niliyaandika. Kisha, kwa mwandiko ule ule na wino ule ule, nikaandika la tatu: LOTANE.

Halimo. Hakuna neno kama hilo. Lakini limekaa kama ndugu wa yale mengine, na hakuna hata mmoja wetu wa kujua, kwa kuwa hakuna anayejua yale mengine yana maana gani. Herufi zake ni zile zinazotoka sana mfukoni. Siku moja zitamwangukia.

Nikapuliza wino ukauke, nikaitia kadi sandukuni.

Nimelala saa nne kamili, usingizi mzuri.

Ijumaa, 3 Julai. Jua.

"ETALON, TOLANE, LOTANE," amekariri huku akipiga mswaki. Nimelala saa nne.

Alhamisi, 9 Julai. Mvua nyembamba siku nzima.

Watawa wameanza miezi mitatu ya kutotoka hekaluni. Tumepeleka mshumaa mkubwa na mama. Mot aliomba kwa muda mrefu. Nilimuuliza kaomba nini. "Nisikuangushe, dada. Unaandika mpaka vidole vinakuwa bluu."

Nimelala saa sita kasorobo.

Jumatatu, 20 Julai. Mvua. Nimelala saa tano.

Jumanne, 21 Julai. Mvua. Mama na Mot wamecheka jikoni kwa muda mrefu. Nilipoingia wakaniambia si kitu. Nimelala saa tano.

Jumatano, 12 Agosti. Asubuhi angavu, jua limetoka bila mvua kwa mara ya kwanza katika siku tisa.

Siku ya Mama. Ukumbini mama zetu walikaa kwenye viti kwa safu, nasi tukapiga magoti mbele yao kila mmoja na koja lake la maua meupe. Mama alivaa hariri yake ya zambarau. Niliposogea na koja langu nikakuta Mot amesimama nyuma, mikono mitupu, pamoja na wale wawili watatu ambao mama zao hawakuja. Kila mwaka huwa wapo. Huwa tunafanya kama hatuwaoni.

Mama aliita, ukumbi mzima ukasikia, "Mot, njoo hapa."

"Sina koja, mama mkubwa."

"Nani kataka koja? Njoo."

Akapiga magoti kuliani. Mimi nilikuwa kushotoni. Mama anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Mkasi, sindano, kijiko. Mkono huo ulikwenda kwenye kichwa cha Mot kwanza, ukakaa hapo, na nikamwona mama analia. Mimi nilipata mkono wa kushoto.

Tukiwa njiani Mot alinishika mkono wa shati. "Dada, usikasirike. Nimemwazima tu."

"Nani kakasirika? Mama si kete za kunyang'anyana."

Leo nimeandika kadi nyingine nne zenye maneno yasiyokuwemo. Sasa ni tano. Nimezichagua kwa kuhesabu herufi zinazotoka mara nyingi, kama alivyotufundisha mwalimu.

Nimelala saa saba.

Jumanne, 18 Agosti. Mvua.

Mot amewafunga wasichana wote wanane kwa siku moja. Hajatumia hata neno moja kati ya yale matano. Nimelala saa sita.

Jumatano, 2 Septemba. Mvua na radi.

Bibi yake Mot amevuka mto kuja kumletea nguo ya safari. Alimwambia mbele yangu: "Shangazi yako ameniuliza tena. Nimemjibu asubiri Jumapili." Mot akasema, "Sawa, bibi," kama mtu aliyeambiwa wali umeiva.

Nimeandaa kadi tano safi zenye maneno ya kweli tu, kwa ajili ya kubadilisha baadaye. Ni vizuri kuwa tayari.

Nimelala saa saba na robo.

Jumamosi, 5 Septemba. Bangkok. Asubuhi joto, mawingu ya chini, harufu ya moshi.

Michezo sita ya kwanza, Mot ameshinda yote. Tumelala nyumba ya wageni ya hekalu, mwalimu chumba chake, sisi wawili chetu. Tulikula tambi jioni na akaacha nusu bakuli. Nilimwona anajipigia mahesabu kwa vidole: mchezo mmoja tu kesho asubuhi, akiushinda yuko fainali, na kwa mwalimu fainali inatosha, ahadi ya shule itakuwa imetimia.

Sijui ni nini kilichonipata. Labda ni ile nusu bakuli. Nilimwambia, "Mot, ile kadi ya A, E, L, N, O, T. LOTANE halimo."

Akatabasamu. "Limo, dada."

"Nakwambia halimo."

"Kadi umeandika wewe mwenyewe. Ndiyo maana najua limo."

"Basi mimi mwenyewe nakwambia lifute."

Akanitazama kwa upole, kama mkubwa anavyomtazama mtoto anayejifanya simba. "Mwalimu kakutuma. Alisema atanitikisa mpaka kitandani."

"Hajanituma mtu."

"Aliyetumwa angesema hivyo hivyo." Akajifunika shuka mpaka kidevuni. "Mwambie nimepona. Mwambie sikutikisika."

Nilibakiwa na sentensi moja tu: nililiweka mimi. Ni maneno mawili. Nilihesabu mpaka kumi, kisha nikahesabu tena. Nilifikiria mkono wa kulia wa mama.

Nikasema, "Haya, umepona. Lala."

Nimelala saa nane.

Jumapili, 6 Septemba. Bangkok. Asubuhi mvua kubwa, maji barabarani mpaka magotini.

Mpinzani wake alikuwa mvulana wa shule kubwa ya mjini, ana vyuma menoni, na mama yake alikuwa akimletea maziwa kila baada ya robo saa. Walikwenda sambamba mpaka kete zikaisha mfukoni. Mot alikuwa mbele kwa pointi tisa. Sehemu moja nzuri ilikuwa imebaki, kona ya chini, na palitaka neno linaloanza na L.

Nilikuwa nimeketi nyuma yake, mahali pa waandishi. Niliona kete zake. Niliona zote sita. Nilijua kabla hajanyoosha mkono.

Aliliweka taratibu, kete baada ya kete, akazinyoosha kwa kidole zikae mstari, akabonyeza saa.

Mvulana alitazama. Ukipinga neno nalo likawa limo, zamu yako imekwenda, kwa hiyo watu huogopa kupinga. Alitazama dakika nzima. Nilijikuta namwombea asiinue mkono, halafu nikajikuta namwombea auinue, na sikumbuki ni lipi lilitangulia.

Akainua.

Mwamuzi alifungua kitabu, akapitisha rula, akakifunga. "Halimo."

"Limo," Mot alisema.

"Halimo, mtoto. Toa kete."

"Limo." Hakupandisha sauti. Mwamuzi akamsogezea kitabu aone mwenyewe. Alisoma ukurasa ule kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akaanza kutoa kete moja moja. Moja ilimdondoka, mama wa mvulana akamwokotea.

Alishindwa kwa pointi kumi na moja.

Wakati wa chakula nilibadilisha kadi sandukuni. Zile tano za uongo nimezitia kwenye mfuko wa jalada la shajara hii. Nitazichoma mvua ikikatika. Sasa hivi mama angeuliza nachoma nini.

Ndani ya basi mwalimu alikaa kiti cha mbele saa saba nzima. Mot alikaa dirishani, paji la uso kwenye kioo.

Nimelala saa tisa kasoro dakika ishirini.

Jumanne, 8 Septemba. Manyunyu.

"Leteni sanduku," mwalimu alisema. Wote tisa tulisimama. Alitoa kadi mwenyewe, akampa Mot. "Soma nyuma."

"ETALON. TOLANE."

"Na?"

Mot aliigeuza kadi. Akaigeuza tena. "Yalikuwa matatu, mwalimu."

"Sasa ni mangapi?"

"Mawili."

"La tatu limetoka wapi?"

Nilisubiri anitazame. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kumjibu nao.

"Limetoka kwangu," akasema.

"Nilikuambia usitikiswe na watu," mwalimu alisema. "Sikukuambia ujitungie lugha yako. Phikun hapa amekuandikia usiku na mchana, na wewe unamlipa hivi. Mwombe radhi."

Mot alipiga magoti mbele yangu, viganja pamoja, kichwa mpaka sakafuni. "Nisamehe, dada. Nimeharibu kazi yako."

Nikasema, "Si kitu."

Nimelala saa tisa.

Alhamisi, 10 Septemba. Mvua. Mwalimu alimtajia herufi nyepesi kabisa, za watoto. Mot alisema neno sahihi. "Halimo," mwalimu alisema. Mot alisema, "Labda." Rung alicheka kwa sauti. Nimelala saa saba.

Ijumaa, 11 Septemba. Mvua. Hasemi tena maneno usingizini. Nimelala saa nane.

Jumatano, 16 Septemba. Mawingu, joto.

Mwalimu amenirudishia kiti. Nitakwenda Khon Kaen tarehe tatu Oktoba. Alinitikisa kwanza, maneno ishirini. Nilisema limo mara ishirini bila kupepesa. "Umekomaa," alisema. "Sijui umekomazwa na nini, lakini umekomaa."

Kwa desturi, Mot ndiye mwandishi sasa. Mwalimu alipomkabidhi sanduku alimwambia yale yale: "Mwandiko wako mzuri." Na kweli ni mzuri. Amejifunza kwa kutazama kadi zangu. Hata mkia wa Q anaupinda kama mimi.

Jioni aliniambia, "Dada, kadi nyingi zimeota ukungu, mvua hii. Nikuandikie upya?"

"Andika." Nilikuwa nimejinyoosha mkekani, upande wa ukuta mkavu. "Ila usiniongezee maneno yako."

Akacheka kidogo. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Nimelala saa nne.

Jumapili, 20 Septemba. Mvua. Kadi mpya mia tatu, nyeupe, safi. Nimezikariri zote. Za ukungu amezitupa mtoni. Nimelala saa nne.

Alhamisi, 24 Septemba. Mvua. Kadi nyingine mia nne. Mwalimu anasema sijawahi kucheza hivi. Mama haongei sana siku hizi. Nimelala saa nne na nusu.

Jumapili, 27 Septemba. Asubuhi jua, maji ya mto yameshuka.

Bibi alikuja kumchukua. Anakwenda Mahachai Jumatano. Mama alimpa sare mpya, imeshonwa jina kifuani, ingawa wanaomenya kamba hawavai sare. Mot aliipokea kwa mikono miwili.

Alinikabidhi sanduku. "Nimemaliza zote zilizoharibika, dada. Elfu moja na kumi. Nimezipanga kwa mtindo wako."

"Umepata wapi muda wote huo?"

"Ukienda mazoezini nyumba huwa kimya. Nilikuwa naandika, nikichoka nasoma."

"Unasoma nini? Humu ndani hakuna vitabu."

"Nilisoma nilichokipata." Alipiga magoti kwa mama, kisha kwangu. Kwangu hakuinamisha kichwa mpaka chini. Alinitazama tu, viganja pamoja. Nikadhani ni haraka ya mtumbwi.

Mama alisimama ukingoni mpaka walipopotea kwenye kona ya mto. Aliporudi alisema, "Mtoto yule hana kichwa cha kutunga neno, Phikun." Nikamuuliza ana maana gani. Akaketi kwenye cherehani.

Nimelala saa sita.

Ijumaa, 2 Oktoba. Asubuhi kavu, upepo wa kwanza wa baridi kutoka kaskazini.

Gari la Khon Kaen linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Jioni nimefunga begi. Mvua imekwisha, mama alikuwa anachoma majani uani, nikaona ndio wakati wa kuzitia motoni zile kadi tano. Nikafungua mfuko wa jalada.

Zilikuwa nne.

Nilikung'uta shajara. Hakuna. Nikaipitia ukurasa kwa ukurasa, na kwenye tarehe 2 Julai nikaikuta, imewekwa sawasawa, pembe kwa pembe. A, E, L, N, O, T. Nyuma yake yale maneno matatu kwa mwandiko wangu. Hakuandika kitu. Hakupiga hata mstari.

Nimejaribu kupanga siku. Shajara hukaa chini ya nguo zangu. Nimerudi kitini tarehe 16, na tangu hapo kila jioni nilikuwa mazoezini, naye alikuwa hapa. Huenda aliisoma siku ya kwanza kabisa, kabla hajaandika hata kadi moja. Huenda aliisoma siku ya mwisho, kalamu ikiwa imeshakauka. Hakuna namna ya kujua.

Nimefungua sanduku na kuitafuta kadi mpya ya herufi hizo. Ina maneno mawili, yote ya kweli. Hiyo hainiambii chochote. Hata mimi nisingeiharibu kadi ambayo mtu angeitazama kwanza.

Kadi elfu moja na kumi. Za zamani ziko mtoni. Kitabu kiko kabatini, ufunguo uko shingoni mwa mwalimu, na mwalimu nitamwambia nataka kukagua kitu gani, na kwa sababu ipi? Na hata angenipa kitabu usiku kucha, kadi haziko sandukuni tena. Ziko kichwani. Nimezikariri zote, moja moja, huku nikipiga mswaki.

Labda hakubadilisha hata moja. Ndivyo alivyo. Alinishika mkono wa shati akasema amemwazima tu. Labda alikaa jioni kumi na moja akiniandikia maneno ya kweli tupu, akijua yote, na akaweka kadi hii mahali pake kwa kuwa hapendi kitu kikae si mahali pake.

Au kuna moja. Au tano, sawa na zangu.

Mama amechungulia mlangoni. "Majani yamebaki kidogo. Una kitu cha kuchoma?"

"Hapana, mama."

Alitazama kadi iliyokuwa mkononi mwangu, kisha akatazama mkeka wa upande wa ukuta unaovuja, ambao hakuna aliyeuondoa. Akarudi uani.

Nimejitikisa mwenyewe, kwa sauti ya chini. Nimejitajia herufi, nimejijibu neno, nimejiambia halimo. TOENAIL. Halimo. Nililijua tangu kidato cha tatu, nimeliona kitabuni kwa macho yangu. Lakini kadi yake ni moja ya zile mpya.

Nimelala saa kumi na dakika kumi.